Kicheko cha Sekunde Nne

"Nimesikiliza tena."

Maneno yaleyale, asubuhi ya tisa mfululizo, chini ya video ileile, kutoka kwa akaunti isiyo na jina wala picha. Christine aliilaza simu kifudifudi mezani, kana kwamba ilikuwa ikimtazama.

Video zake za mizimu alizitengenezea chumbani kwake Gatina. Hii ndiyo iliyovuma kuliko zote: korido yenye giza, mlango unajifungua, kisha mtoto asiyeonekana anacheka. Kicheko hakukirekodi yeye. Alikinasa kwenye status ya Nereah, muuza omena wa Mashimoni, Kibera, aliyekuwa jirani yake kabla hajahamia Gatina. Status hufutika baada ya siku moja, nani angejua? Lakini siku hizi kicheko kile kilimsimamisha nywele hata yeye aliyekipachika.

"Uliomba ruhusa?" aliuliza Antony wa chumba cha pili, anayesomea sheria.

"Sekunde nne tu, bana. Chini ya kumi si ni bure?"

"Hiyo sheria mmejitungia. Cha mtu ni cha mtu, hata kama kinaisha ukipepesa jicho. Akikuripoti, ukurasa wako kwisha."

Ukurasa huo ndio uliomlisha Christine.

Asubuhi ya kumi, akaunti ile ikamwandikia faraghani: "Ni mimi Nereah. Hicho kicheko ni cha Brandon wangu. Majirani wamenielekeza kwako. Nakuja."

Christine akaifuta video. Akaifuta sauti yenyewe kwenye simu, akaifuta kwenye kompyuta, akahakikisha haiwezi kurudishwa.

Alikuwa bado anapangusa jasho aliposikia hodi.

Nereah alikuwa amekonda hadi shingo imekuwa ndefu. Christine hakumpa nafasi ya kusalimia.

"Mama Brandon, nisamehe. Nilikosea kuchukua bila kukuuliza. Lakini nimeshaitoa yote."

"Yote?"

"Yote. Hakuna mahali imebaki, naapa."

Nereah akaketi ukingoni mwa kitanda. Akafungua kiganja. Ndani mlikuwa na flashi mpya, bado imo kwenye karatasi yake.

"Nilitaka tu uniwekee hicho kicheko kwa hii," alisema. "Simu yangu ya zamani iliibwa kwa matanga ya Brandon."