Farasi wa Mahafali

Miguu ya nyuma ya farasi ilikuwa imekataa tena.

Ya mbele ilishakata kona vizuri, shingo imepinda kama inavyotakiwa, kichwa kinatazama bweni la wasichana. Ya nyuma ilikuwa bado inanyoosha kuelekea kwenye uzio wa michongoma, kana kwamba ina safari zake binafsi. Mnyama mzima akajikunja katikati, vumbi jekundu likapanda, akasimama.

"Tazama," Arafa alisema. "Tazama kitu nilichopewa nifanye nacho kazi."

Arafa wa kidato cha tatu alikuwa katikati ya kiwanja cha shule yao ya bweni pale Miyuji, kamba ya farasi mkono mmoja, fimbo mkono wa pili, na kwapani kitabu cha Kiingereza kuhusu kufundisha farasi. Hakuna mwanafunzi mwingine aliyewahi kukiazima kitabu hicho, jambo lililomfanya Arafa kuwa mtaalamu. Isitoshe, ukoo wao ulikuwa wa wafanyabiashara wa zamani waliovuka Ugogo na misafara, kwa hiyo aliamini kwamba mambo ya farasi yamo damuni mwake. Kwamba misafara ile ilikwenda kwa miguu, mizigo kichwani, ni jambo dogo ambalo hakupenda lijadiliwe.

Kesho yake ilikuwa siku ya mahafali. Mwalimu Anjelina, mpangaji wa burudani, alikuwa amesema wazi kwamba atapita kabla ya chakula cha mchana kumkagua farasi. Akiridhika, Arafa atafunga sherehe mbele ya mgeni rasmi. Asiporidhika, nafasi hiyo ni ya kwaya ya Erica. Arafa aliweza kuvumilia mengi duniani, lakini si Erica akiimba beti zote za kumsifu mgeni rasmi huku ameinamisha kichwa upande kama mtakatifu.

"Dada Arafa, labda amechoka," alisema Dorkasi wa kidato cha kwanza, msaidizi wake, aliyekulia Mvumi katika nyumba yenye ng'ombe na punda. "Tunamzungusha duara lile lile tangu asubuhi. Hata punda wetu ukimfanyia hivi anakugeuzia mgongo."

"Punda wenu hatembei mbele ya mgeni rasmi."

"Hatembei. Lakini anajua anakokwenda."

Arafa alifungua kitabu. Kilisema kwamba farasi anayerudia zoezi moja huchoka akili, na dawa yake ni kumbadilishia kila mara, asijue kinachofuata. Alisoma kwa dharau. Kuchoka akili, kwa maoni yake, kunahitaji kwanza mtu awe nayo. Hata hivyo alimtuma Dorkasi akalete mifagio ya bwenini.

Wakalaza mipini chini, farasi airuke mmoja mmoja bila kuigusa. Mbele ilipita kwa madaha kama bibi harusi. Nyuma ikakanyaga yote. Wakapanga ndoo, apite katikati yake kwa kujipinda kama nyoka. Wakamfundisha kwenda ubavu ubavu, kisha kusimama ghafla na kurudi kinyumenyume. Hapo pakawa msiba: nyuma ilikwenda, mbele ikabaki, na tumbo likavutika mpaka Dorkasi akafumba macho.

"Ugonjwa wake uko nyuma," Arafa alitangaza kwa sauti ya daktari. "Mbele ana akili kiasi. Nyuma ni mzigo tu." Akamchapa fimbo ya kiuno. Farasi akaguna.

"Usimseme hivyo, anasikia."

"Ndiyo ninachotaka."

"Na kula je? Leo Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Siku kama hiyo shule nzima hula wali na nyama, na wanaochelewa foleni hukuta ukoko.

"Hakuna anayekula hapa mpaka nane ikamilike," Arafa alisema.

Nane lilikuwa zoezi la mwisho: duara la kulia, duara la kushoto, yakutane katikati. Na kweli, baada ya mifagio na ndoo na kurudi kinyumenyume, kitu fulani kilikuwa kimeamka ndani ya yule mnyama. Hatua zake zilianza kupatana. Manyoya ya shingoni, magumu kama katani, yakawa yanacheza kwa mpigo mmoja na mkia.

Mwalimu Anjelina akaja na mwavuli wake.

"Shikamoo, mwalimu," wasichana wakamwamkia kwa pamoja.

"Marahaba. Haya, nimwone huyo farasi."

Farasi akaruka mifagio bila kugusa hata mmoja. Akajipinda katikati ya ndoo. Akasimama, akarudi kinyumenyume mzima mzima, bila kuvutika popote. Kisha akaanza nane, duara la kulia likafungwa safi, na mwalimu akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika.

"Arafa," alisema, "leo Erica atanichukia."

Arafa aliitazama ile miguu ya nyuma na, kwa mara ya kwanza, akahisi kitu kinachokaribia heshima. Akakizuia haraka kisije kikazoea.

Farasi alikuwa ameingia duara la kushoto pale rimu ya gari inayotumika kama kengele ilipogongwa jikoni. Akasimama.

"Usithubutu," Arafa akanong'ona.

Zipu ya tumboni ikafunguka. Miguu ya nyuma ikachomoka, ikamwamkia mwalimu kwa adabu zote, ikatimka kuelekea bwaloni huku mkia ukining'inia kiunoni. Nusu ya mbele ikabaki kiwanjani, ikageuza kichwa huku na huku.

"Thobias?" kichwa kikaita. "Thobias, nishikie na mimi foleni."