Maji ya Chini Yasiguswe

Josée alikuwa ameikalia injini, kikwembe amekikaza kiunoni, na hakuna mwanaume wa Likasi aliyethubutu kumnyanyua.

Injini ile ililetwa na injinia Nicolas, kijana mwenye adabu zake, ili ipulize hewa hadi chini ya shimo la zamani la mgodi lililojaa maji. Majirani walivua samaki humo. Asubuhi hiyo Nicolas alikuwa ameteremsha kipimo mbele ya wote: juu oksijeni tele, katikati inapungua, chini hakuna kabisa.

"Kule chini ni baridi, oxygène haiko, kitu haiozi," aliwaambia. "Tukipeleka hewa, maji itapinduka, yote ya chini itapanda. Kisha samaki itaishi mpaka chini."

Josée akasema maji yale mabaya yakipanda kwa mara moja, samaki watakufa wote kabla ya jioni, na watoto wake watakula nini? Hoja ilikuwa ya kweli. Nicolas mwenyewe alikiri.

Doudou, shemeji ya Josée, alicheka. Huyo alikuja na kesi nyingine. Kaka yake Willy, mume wa Josée, alisemekana amekwenda Kolwezi kutafuta kazi, na huu ulikuwa mwaka wa pili hajaonekana. Ukoo ulitaka kukaa matanga. Mume akishaliliwa, nyumba inarudi kwa ndugu zake, mjane na watoto watajua wenyewe pa kwenda. Ndiyo desturi yao, na Josée aliichukia waziwazi. Jibu lake lilijulikana mtaa mzima, lakini alilirudia bila kushuka kwenye injini.

"Muniletee maiti ya Willy. Ile siku nitatoka mu nyumba. Bila maiti, minye siko mujane."

Doudou akatema mate, akaenda zake. Nicolas hakuwa na moyo wa kuvutana na mama wa watu. Alisema injini inarudi Lubumbashi na haitaletwa tena. Majirani wakampigia Josée vigelegele, mtetezi wa samaki wao.

Walipotawanyika, alibaki peke yake ukingoni. Akainama hadi uso ukakaribia maji.

"Lala vile nilikulalisha, papa ya batoto," akasema. "Nyumba ingali yao."