Kenge Aliyeshinda Bila Kuonekana

Wanyama wa ziwani walikuwa na mashindano yao ya mashua za tanga, na kila mwaka mshindi alikuwa Bata, au Nguchiro akibahatika. Mwaka mmoja Kenge, mpenda sifa, akajiundia mashua ya ajabu. Ikishika upepo iliinuka juu ya maji ikaruka kama mshale. Akamwalika mama mkwe wake, ambaye hakuwahi kumsifu hata siku moja, aje amwone akishinda.

Kiboko, mwamuzi, akapuliza kipenga. Kenge akapita fyuu! Akazunguka kisiwa na kurudi kabla wenzake hawajakaza kamba.

"Mama, umeniona?" akauliza akitweta.

"Nilipiga chafya, mwanangu," mkwewe akajibu. "Nilipofumbua macho hukuwapo. Hebu sogea, unanizibia."

Kenge akageuka aone kinachotazamwa. Mashua za Bata na Nguchiro zilikuwa zimegongana. Tanga la Bata limemfunika Nguchiro kichwa, na kila mmoja anamtukana mwenzake huku ameukumbatia mlingoti wake. Walipoachana, mara Bata akatangulia, mara Nguchiro. Ufuko mzima ulikuwa umesimama ukipiga kelele. Kenge alinuna, lakini shingo yake ikaanza kurefuka.

"Kenge!" Kiboko akaita. "Njoo uchukue kombe lako!"

"Ngoja kwanza, mzee!" Kenge akajibu bila kugeuka. "Nguchiro, vuta kamba! Vuta, atakupita huyo!"