Pambano Nililolikwepa

Siku hizi, bondia akitimiza miaka sabini, mashine huchezesha kwenye skrini kila pambano alilolikwepa ujanani, na matokeo hubandikwa mlangoni kwake. Mimi nilikwepa moja tu. Nilikuwa bingwa wa uzito wa kati. Mbaruku Shekiondo wa Korogwe aliniomba pambano mara tatu, nami nikachagua wapinzani laini ili mkanda ubaki nyumbani. Alikufa bila kupata nafasi hiyo.

Jana mimi na mke wangu tulikaa sebuleni tukatazama. Raundi ya nane, kijana mwenye uso wangu alimwangusha Mbaruku kwa ngumi ya kushoto. Kisha akamwinua, akamnong'oneza neno, wakacheka kama ndugu.

"Kumbe ungemweza, Baba Siwema," mke wangu alisema.

"Nilijua."

"Hukujua. Ungejua usingemkimbia."

Leo majirani wamesoma karatasi mlangoni, wakaingia kunipongeza. Mke wangu anawamiminia chai. Mimi nimerudisha picha nyuma mara sita. Yule kijana ananong'ona, Mbaruku anacheka, na sijui amemwambia nini.