Nafasi Moja Botini

Litiana alimsukuma mumewe hadi kwenye benchi la zahanati kama anayerudisha bidhaa mbovu dukani.

"Mtazame, nesi. Huo ni ugonjwa wa manjano. Ngozi inambanduka kama gome. Miaka thelathini ya kunywa yaqona, maji hayo ya mizizi ya kulevya, bakuli juu ya bakuli. Mpeleke hospitali leo, kabla ini halijaniwahi kumuua."

Sakiusa alifungua mdomo.

"Nyamaza."

Nesi Unaisi alimfunua Sakiusa kope. Macho yalikuwa mekundu. Nje, boti ya wagonjwa ilikuwa imebakiza nafasi moja, na maji yalikwisha kuanza kupwa.

"Mkojo wake ukoje, mama?"

"Kama chai ya rangi. Ndoo ya chumbani naimwaga mimi kila asubuhi." Litiana alijikuna mpaka michirizi ikatokea. Mikono yake ilikuwa ya njano hadi viwikoni. Wiki nzima alikuwa akitwanga manjano ya kumpaka mpwa wake aliyejifungua. "Kwa ajili yake silali, mwili unaniwasha. Jumapili nilipika majani ya magimbi kwa tui zito, nikala vijiko vitatu tu, hasira ikanikaba hapa." Akabana chini ya mbavu za kulia. "Ikapanda mpaka begani."

"Hasira hiyo huja kila ukila mafuta?"

"Huja kila nikimwona yeye."

Sakiusa alicheka, akajuta.

"Cheka. Ukishakufa nitagombana na nani mimi?" Akaanza kumfunga mumewe vifungo vya shati, kwa ukali, kimoja baada ya kingine. "Blanketi nimekufungia, na muhogo wa njiani. Panda boti, mzee. Usinibishie."

"Sibishi," Sakiusa alisema polepole. "Ila ile ndoo, nesi, mimi siitumii. Mimi huenda nje."

Litiana alimkazia macho mumewe, tayari kumwita mwongo.

Unaisi alilowesha pamba kwa spiriti, akaushika mkono wa Litiana na kuusugua. Pamba ilitoka na rangi ya manjano yaliyotwangwa. Akachukua nyingine, akasugua palepale.

Hii ilitoka nyeupe. Mkono ukabaki wa njano vilevile.