Mgeni wa Kilimani

Kimeu aliuawa tena kabla chai yake haijapoa. Alikuwa anakatiza uwanja mbio, rashasha mkononi, akijiona simba. Ikalia risasi moja tu, kutoka kusikojulikana, na skrini ya simu ikawa nyekundu. Jina la muuaji likatokea pale juu: Mgeni.

"Mwoga!" alifoka, akaibamiza simu mezani hadi madereva wa malori waliokuwa wakinywa chai kwenye kibanda kile cha Emali wakageuka. "Snaipa ni bunduki ya waoga. Unalala kwa nyasi huko kilimani, unangoja wanaume wafanye kazi, halafu unawamaliza. Hiyo ni vita?"

Rafiki yake Muli, mwendesha bodaboda mwenzake, alikoroga chai yake. "Lakini hiyo bunduki ni ya polepole sana. Akikukosa mara moja tu, unamfikia, unammaliza. Iko sawa."

"Huyu ashawahi kunikosa?"

Muli akanywa chai.

Mgeni alianza kuonekana mvua za Aprili, katika uwanja ule wa mtandaoni ambako vijana wa Makueni na Kitui hukutana kila jioni kupigana. Hakuwa na picha wala timu, na hakuwahi kufungua maikrofoni yake hata kusalimu. Wenye mchezo walipoipunguza snaipa nguvu, Kimeu alishangilia kama aliyeshinda kesi. Jioni hiyohiyo Mgeni akampiga kichwani. Wakati mwingine Mgeni alitoweka ghafla katikati ya vita, na Kimeu akatangaza kwamba adui amekimbia.

Shabaha Kimeu hakuwa nayo, lakini Mungu hamnyimi mja wake kila kitu. Alimpa mdomo. Kila akifa alifungua maikrofoni na kumwaga matusi ambayo hata makanga wa stendi wangeyaonea haya.

Vita vyake vya kweli vilikuwa Zombe, kwa kina Ndunge. Alimpenda msichana huyo kwa moyo wake wote, na hapo tu ndipo alipoonyesha akili. Baba wa msichana alikuwa amekubali Kimeu apeleke mbuzi wa ntheo. Mbuzi hao wakifungwa zizini kwa wakwe, umepata mke. Wakifunguliwa wakarudishwa, hata uje na ng'ombe mia, huna mke pale.

Neno la mwisho lilikuwa la mama, Kalunde, na huyo, Kimeu hakuwahi kumwona. Walikuwa wameokoka nyumba nzima, lakini nthoni ilikuwa palepale: mkwe na mama mkwe hawatazamani, na heshima kati yao haichezewi. Basi Kimeu alitafuta njia nyingine ya kumlainisha. Pasaka, alipojinunulia simu mpya, ile ya zamani alimpa Ndunge ampelekee mama asikilizie mahubiri. Aliitoa kama ilivyokuwa, hakufuta chochote ndani, wala vumbi nje.

Zawadi ilifanya kazi. "Mama anakusalimu," Ndunge alimwambia siku moja. "Anasema uwache haraka. Unakimbia sana, na huangalii mbele."

Kimeu aliguswa. Mama mkwe anayemwombea usalama barabarani! Siku hiyo nzima aliendesha pikipiki polepole, abiria wakilalamika.

Siku ya ntheo ikafika. Kimeu alifika Zombe na mbuzi wake, pamoja na Muli na mjomba wake, mzee Kiema. Walipokelewa vizuri. Wazee wakaenda nyuma ya boma kuwakagua mbuzi, na mzee akianza kukagua mbuzi, jua litazame tu likizama. Vijana wakaketi kivulini mwa nyumba. Ng'ambo ya ua palikuwa na jiko, mlango umerudishwa, moshi ukitoka. Chakula kilikuwa tayari, kikiwangoja wazee.

Muli akatoa simu. "Moja tu, tukingoja."

Mtu mwenye busara angekataa. Kimeu alishatoa yake. Wakaingia uwanjani, na Mgeni alikuwemo.

Kimeu alitoka mbio, akaruka ukuta, akapigwa risasi moja ya kichwa. Wakati huo Ndunge alikuwa amesimama mbele yake akimmiminia chai, na damu ikamchemka. Afedheheshwe mbele ya mchumba, siku kama hii? Akafungua maikrofoni.

"Wewe Mgeni! Mimi leo niko kwa wakwe, nimeleta mbuzi, naondoka na mke! Wewe una nini? Kujificha tu! Kama una adabu, toka nje nikuone! Huyo aliyekuzaa alizaa panya!"

Sauti yake ikavuka ua. Halafu, kabla hajafunga mdomo, ikarudi kutoka jikoni, ndogo na ya bati, kama inavyotoka kwenye spika ya simu: "...alizaa panya!"

Muli alimtazama Kimeu. Ndunge alisimama na birika, chai ikimwagika chini.

"Jikoni kuna nani?" Kimeu aliuliza.

"Mama tu."

Kwenye skrini, maikrofoni ya Mgeni ikawaka kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Ikatoka sauti ya mwanamke, tulivu, kwanza jikoni, kisha mkononi mwa Kimeu:

"Ndunge, mwambie baba yako awafungue hao mbuzi."