Rekodi Zilizofichwa

Siku hizi kumbukumbu za nyumba hazikai kichwani. Zinakaa kwenye kanzidata ya kompyuta ya sebuleni, na kinachofichwa humo, nyumba nzima inakisahau isipokuwa aliyekificha. Yetu aliitengeneza marehemu Mwanakheri, mke wa kwanza wa mume wangu Athmani. Kila asubuhi Athmani aliifungua, akaitazama picha yake, akaniambia, "Fomu zake safi, eh? Usiziguse, mke wangu."

Nikaenda kusoma. Kwa miezi mitatu nilijifunza kutengeneza majedwali na kupanga fomu nipendavyo. Somo la kuficha rekodi wenzangu walipiga miayo. Mimi niliandika kila neno.

Juzi nikaificha rekodi ya Mwanakheri. Asubuhi yake Athmani akaishika kanga ya njano ya Mwanakheri, ile aliyoiacha ikining'inia mlangoni miaka yote.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Basi ivae, itakupendeza."

Nikaivaa, roho ikanitulia kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Kisha nikaona chini ya skrini: *Rekodi zilizofichwa: 2.*

Mimi nilificha moja. Nikaifungua ya pili. Ilikuwa ya mwanamke mwenye kipini puani: Saumu, mke wa Athmani. Ilifichwa wiki ile aliyoolewa Mwanakheri. Kwenye picha, Saumu alivaa kanga ile ile ya njano.

Nikaifunga upesi, maana Athmani alikuwa anakuja na chai.

"Yule jirani yetu Raya naye kaanza darasa lako," akasema, akitabasamu peke yake. "Mwepesi kweli kuelewa."